Fitina ina risiti: barua ya wazi kutoka Mwanjelwa

Kwa:
Mwenyekiti, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi
Msajili wa Vyama vya Siasa
Mkurugenzi Mkuu, TAKUKURU
Makatibu wakuu wa vyama vyote vya siasa

Yah: Uzushi wa kampeni na fedha inayoulipia

Waheshimiwa,

Nina steshenari Mwanjelwa, jijini Mbeya. Siku za kawaida kazi yetu ni fotokopi za vyeti, picha za paspoti, kadi za michango ya harusi na vitabu vya risiti. Msimu wa uchaguzi ukiingia kazi zinageuka: mabango, kalenda zenye sura ya mtia nia, fulana, vipeperushi. Sisi wa uchapaji huwa tunajua nani anagombea kabla katibu wa chama hajatoa fomu, maana picha inaletwa kwetu kwanza, mtu kavaa koti la kuazima, na maelekezo kwamba tumpunguzie mvi ila tusizimalize, aonekane ana busara.

Ninawaandikia kwa jambo moja. Nchi hii imezoea kuhesabu rushwa ya uchaguzi na kampeni chafu kuwa makosa mawili. Rushwa ina ofisi yake, TAKUKURU. Matusi na uzushi vina kamati zake za maadili chini ya Tume. Mimi nikiwa nyuma ya kaunta naviona vikiingia pamoja, mkononi mwa mtu mmoja, na kulipiwa kutoka bahasha moja.

Nieleze inavyokuwa. Anakuja kijana, mpambe wa mtia nia fulani, saa moja jioni tukiwa tunaingiza ndani mashine ya nje. Ana flashi. Ndani ya flashi kuna mafaili mawili. La kwanza ni orodha ya wajumbe wa kata, majina na namba za simu, na mbele ya kila jina herufi: N, au K, au zote mbili. Nauli na kitenge. Pembeni anataka iachwe nafasi ya kuweka tiki. Faili la pili ni karatasi isiyo na jina la chama wala la mwandishi, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, inasema mtia nia mwingine alifukuzwa kazi kwa wizi huko alikotoka, kwamba nyumba yake ya Isyesye imejengwa kwa fedha za Saccos ya walimu, na kwamba hata kwao si hapa. Anataka zipangwe nne kwenye karatasi moja, zichapwe, zikatwe, rimu mbili. Anatoa noti zilizofungwa kwa mpira na kuniambia, "Risiti andika kalenda."

Nilimrudishia flashi yake. Sijigambi kwa hilo, kwa sababu asubuhi ya pili yake ile karatasi niliikuta kwenye nguzo za umeme kuelekea Kabwe, imekatwa vizuri kuliko ambavyo mashine yangu ingekata. Maduka ni mengi.

Sasa angalieni. Kama ofisa wa TAKUKURU angekuwa amesimama pale kaunta angelisoma faili la kwanza na kuliacha la pili, kwa kuwa uzushi si kazi yake. Kama angekuwepo msimamizi wa uchaguzi angelisoma la pili na kusema la kwanza lipelekwe TAKUKURU. Na yule kijana angeondoka na flashi yake mfukoni. Ndivyo anavyoondoka kila mara.

Waliotunga ahadi za mwanachama wa TANU hawakuwa na ugumu huu. Katika orodha moja, mistari michache tu kati yake, waliandika kwamba rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Na kwamba nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. CCM ilizirithi ahadi hizo. Nimezisikia zikitamkwa kwa sauti moja ukumbini na watu ambao saa hiyohiyo simu zao zilikuwa zinaita meseji za muamala.

Tuliwahi kufanya baya zaidi, tukaihalalisha rushwa yenyewe. Mwaka 2000 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya 1985, likaingiza maneno kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila unaofanywa kwa nia njema hautahesabiwa kuwa hongo. Ndiyo takrima. Pilau likaliwa na fulana zikavaliwa, na mwenye kuuliza akaambiwa huo ni utamaduni wetu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaipeleka Serikali Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na Katiba: vinambagua mgombea asiye na kitu na vinafungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea na chama waseme fedha imetoka wapi na imekwenda wapi, tangu hatua ya uteuzi ndani ya chama. Naomba muishikilie hiyo sehemu ya uteuzi ndani ya chama, nitairudia.

Takrima ilifutwa mahakamani, mitaani ikabadilisha majina. Sasa inaitwa nauli, maji, posho ya kikao, kuwawezesha vijana, mafuta ya boda. Na kwetu huku inaitwa rambirambi.

Mnaotoka Nyanda za Juu Kusini mnajua msiba ulivyo. Rungwe, Kyela, Mbozi, hata humu mjini, mtu asiyekwenda kuzika wenzake hana pa kusimama. Basi mwaka wa uchaguzi watia nia wanahudhuria misiba ya watu ambao hawakuwajua wakiwa hai. Anafika na gari mbili, anashusha mchele, sukari, katoni za maji; msemaji wa msiba anakabidhiwa bahasha, na kwa kuwa kipaza sauti kipo, kiasi kinatajwa. Familia ifanyeje? Ikatae sukari watu wakiwa wamekaa? Hapo sheria yenu inakwama, maana hakuna atakayemshitaki aliyeleta mchele msibani, na pengine isiwe hivyo.

Ila subirini gari ziondoke. Wale wapambe waliobaki nyuma na bodaboda zao hawakubaki kuomboleza. Wanaanza: mwenzake mbona hajaja? Yule huwa haonekani misibani. Unajua kwa nini haonekani misibani? Anayesikia anamalizia mwenyewe. Kwa kijijini huko, kumwambia mtu hivyo si utani wa kampeni. Katika mikoa yetu watu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wazee, na hapakuwa na uchaguzi wowote. Mgombea aliyeshindwa anarudi mjini na maisha yake; mama yake aliyeko kijijini anabaki na hilo neno mlangoni.

Mchele na neno hilo vilipanda gari moja. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ninaweza kuacha hapa, lakini kuna mambo mtasema hamkuambiwa.

Mtasema kuna kura za maoni na vyama vina taratibu. Ndiyo. Mwaka 2020, CCM ilipoweka uamuzi wa mwanzo mikononi mwa wajumbe wa mikutano ya majimbo, nchi nzima ilicheka na ule msemo wa wajumbe si watu. Tuliucheka bila kuuliza ulitokana na nini. Watia nia waliokuwa na hakika ya ushindi walipata kura mbili, tatu, wakati wajumbe hamsini walikuwa wamewaangalia machoni na kupokea. Mjumbe alikula huku na kule, akapiga kura anakotaka au alikolipwa mwisho. Hesabu yake si ngumu: watu wakiwa wachache kila mmoja ana bei, na bei inajulikana hadi stendi. Kwa kura za maoni za Agosti 2025 chama kikaongeza idadi ya wapiga kura, na hilo nalipongeza kwa dhati. Lakini sikilizeni kilichotokea kwenye biashara yangu. Orodha za majina zikawa ndefu na herufi za pembeni zikapungua, maana wengi ni ghali. Karatasi zisizo na jina zikaongezeka. Fedha haikwenda nyumbani. Ilihamia kwenye uzushi, kwa sababu kumchafua mtu mmoja ni rahisi kuliko kuwanunua mia tano.

Msidhani ni ugonjwa wa chama kimoja. Mei 2024 Tundu Lissu, akiwa makamu mwenyekiti wa Chadema, alisimama kwenye mkutano wa hadhara hapo Iringa akasema wazi kwamba kuna fedha inamwagwa kwenye chaguzi za ndani ya chama chake mwenyewe. Mwezi huohuo Kanda ya Nyasa ya chama hicho, ambayo ndiyo sisi, ilimchagua Joseph Mbilinyi, Sugu wetu, dhidi ya Mchungaji Peter Msigwa. Msigwa akapinga matokeo, na Juni ilipokwisha alikuwa ameshapokelewa CCM. Januari 2025 Lissu akamshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, baada ya wiki kadhaa ambazo timu hizi mbili zilitukanana mitandaoni kwa namna ambayo mpinzani wao wa kweli hakuwahi kutukanwa. Si kazi yangu kuhukumu nani alipokea nini. Ninachoona ni kwamba popote palipo na cheo na wapiga kura wanaohesabika, bahasha na fitina zinafika siku moja.

Kuna watakaosoma mpaka hapa wakafurahi, wakasema sawa, basi tukaze sheria, atakayemsema vibaya mgombea akamatwe. Hapana. Naomba hilo mlielewe vizuri kuliko yote, kwa sababu ndipo barua kama hii huwa inageuzwa fimbo.

Septemba 15, 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma kile kilichoitwa Orodha ya Aibu, majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Alisoma mchana, kwa jina lake, akiwa mbunge, mbele ya watu. Waliotajwa walijua wamtafute wapi. Miezi mitano baadaye, Februari 2008, Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, jirani yetu hapa, alisimama bungeni na ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na waziri mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wapo waliosema zile ni siasa chafu. Kwangu mimi siasa haijawahi kuwa safi kama siku zile mbili, maana kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Ikaja 2015. Jina la Lowassa likakatwa CCM, akahamia Chadema na kuwa mgombea wao wa urais kupitia Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Waliomsoma kwenye orodha ya aibu wakamnadi. Waliomtetea miaka saba wakageuka kumwita fisadi majukwaani. Dk. Slaa akaona hawezi, akaachana na siasa za chama. Mtu ni yuleyule, mkataba ni uleule, hakuna ukurasa mpya uliopatikana, hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Kilichobadilika ni rangi ya shati. Mwaka 2019 Lowassa akarudi CCM na wale waliomwita fisadi wakampokea kwa vigelegele. Mimi nilichapa fulana za pande zote mbili mwaka ule wa 2015, na nawahakikishia wapambe waliokuwa wanakuja kuzichukua hawakuona ajabu yoyote.

Tofauti basi ni hiyo. Anayemtuhumu mgombea kwa jina lake, mchana, na kitu mkononi, mwacheni aseme. Akikosea, aliyesemwa aende mahakamani akadai fidia. Msimtafutie Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 wala kosa la uchochezi. Lakini anayelipwa ili aseme, na anayelipa ili asijulikane, hao si wasemaji. Ni watoa huduma na mteja wao, na huduma ina bei, na bei ni gharama ya uchaguzi.

Nilisema nitairudia sheria ya 2010. Hapa ndipo. Inapozungumza gharama, watu wetu wanafikiria mafuta ya gari na majukwaa. Wale vijana wa makundi ya WhatsApp wanaoitana chawa, wanaolipwa bando na posho ili wasambaze sauti usiku, wamo kwenye hesabu za nani? Ile kazi niliyotakiwa kuiandikia kalenda iko kwenye taarifa ya mgombea gani? Na biashara hii inakua. Jirani zetu Kenya wamekwishaonja: mwaka 2018 bosi mmoja wa kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni, Cambridge Analytica, alirekodiwa kwa kamera ya siri na Channel 4 akijisifu kwa kazi waliyofanya kwenye chaguzi za urais za huko. Sisi bado tunatumia vipeperushi na gundi, lakini akili mnemba imeshafika Mwanjelwa. Kijana wa duka la tatu kutoka kwangu anaweza kumsemesha marehemu, na hajasoma chuo.

Wanawake wanalipa zaidi, na nitawaambia nilivyojua. Mama mmoja alitia nia udiwani, kata sitaitaja. Mfanyabiashara wa mchele, anafahamika, mkali kidogo kwenye vikao. Siku moja asubuhi akaja akaweka bahasha ya kaki kaunta, akatoa cheti cha ndoa, akasema nimtolee nakala kumi na tano. Nikadhani ni mambo ya mirathi. Kumbe usiku ule kwenye kundi la kikoba chake ilitumwa sauti, mwanamke anaongea kama anayemwonea huruma, kwamba dada yetu huyu anaishi na mume wa mtu na fomu amechukuliwa na huyo mume wa mtu. Sasa anakwenda kuwagawia wajumbe cheti. Nilikipiga fotokopi, kina mhuri wa kanisa na mwaka mrefu tu uliopita, wino wa sahihi ya mchungaji umeanza kupauka. Tangu nifungue duka hili mwanaume mtia nia ananiletea kitambulisho, barua, vyeti vya shule. Cheti cha ndoa hajaniletea hata mmoja.

Alishindwa. Aliyemshinda si mtu mbaya sana, kusema ukweli. Lakini ile sauti ililipiwa, na aliyeituma aliwahi kuja kwangu kuulizia bei ya fulana za mtu mwingine.

Habari ya "mtu wa kuja" nitaipitia kwa haraka kwa sababu inanichosha. Jiji hili lina Wasafwa ambao ndio wenyewe, lina Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga wenye maduka, Wabena, Wahehe, Wasangu, na watu wa Moshi na Kigoma walioletwa na reli na lami. Kila mwaka wa uchaguzi mtu aliyezaliwa hospitali ya Mbeya hiihii anaambiwa arudi kwao. Mkutanoni maadili yanalizuia neno hilo. Kwenye karatasi isiyo na jina halina mwenyewe.

Na hayo maadili, waheshimiwa wa Tume, tuyaseme. Aprili 12, 2025 vyama viliitwa Dodoma kusaini maadili ya uchaguzi. Chadema haikusaini, ikishikilia msimamo wake wa mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza, na ikatangazwa kwamba haitashiriki uchaguzi huo wala chaguzi ndogo kwa miaka mitano. Kumbe basi maadili yana nguvu. Yana nguvu ya kukiondoa chama kizima kwenye karatasi ya kura kwa kukosa sahihi. Mbona yanakosa nguvu ya kumwondoa mtu mmoja aliyesaini na kisha akagawa vitenge na vipeperushi usiku? Nimeuliza hivyo mbele ya watu wa vyama tofauti na wote wamecheka kicheko kilekile.

Uchaguzi wenyewe wa Oktoba 29, 2025 ulimwaga damu na intaneti ikazimwa. Hilo lina barua yake, na wapo wenye haki kuliko mimi ya kuiandika. Sitalipitisha hapa kama aya ya katikati.

Mnaweza kuuliza, mchapaji wa Mwanjelwa yanamhusu nini, si anapata kazi? Napata. Lakini aliyegawa lazima arudishe. Posho ya diwani haiwezi kulipa vitenge vya kata nzima, kila mtu anajua, kwa hiyo anayevigawa anajua pengine pa kuvirudishia. Chukueni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, hadi Serikali ikaisimamisha mwaka 2023 ili kupanga upya utaratibu. Kikundi hewa hakijisajili chenyewe. Kina katiba, kina muhtasari wa kikao, kina orodha ya wanachama wenye sahihi zinazofanana, na yote hayo yamechapwa mahali. Vijana wa bodaboda waliolipwa mafuta ya msafara ndio haohao ambao miaka miwili baadaye wanazungushwa ofisi ya kata, waambiwe fungu limekwisha. Limekwisha kweli. Walikunywa sehemu yake siku ile ya msafara.

Na anayejua kwamba atarudisha kwa njia hiyo hawezi kuvumilia mpinzani anayesoma hesabu. Lazima amchafue mapema, ili siku yule mpinzani akisimama na ripoti ya mkaguzi mkononi, watu waseme si ndiye yule wa mume wa mtu, si ndiye yule haonekani misibani. Hapo ndipo fedha ya uzushi inapolipa. Haimlengi mshindani wa leo tu. Inamlinda mlaji wa kesho.

Ninachoomba kinatekelezeka kabla ya serikali za mitaa za 2029.

TAKUKURU na wasimamizi wa uchaguzi wafungue dawati moja kila halmashauri wakati wa kura za maoni za vyama vyote, si wakati wa kampeni tu, maana kampeni zikianza mambo yamekwisha. Anayeleta karatasi ya uzushi aulizwe na habari za nauli, na anayeripoti nauli aulizwe kama ameona karatasi. Namba 113 ya TAKUKURU nimeibandika ukutani kwangu. Sina ugomvi nayo. Lakini mteja wangu mmoja alipeleka taarifa kwenye ofisi moja ya umma, swali la kwanza aliloulizwa likawa yeye yuko kambi ya nani. Akaja dukani akaniambia hatarudia. Swali hilo lipigwe marufuku kwa waraka.

Msajili wa Vyama adai kwenye taarifa ya gharama mstari wa uchapaji na mstari wa mitandao, vyote na risiti, na majina ya waliolipwa. Taarifa hizo zibandikwe kwenye ubao wa halmashauri na wa kata, pale yanapobandikwa majina ya wapiga kura. Mkifanya hivyo tu, sisi wenye mashine tutawasaidia bila kuombwa, kwa sababu kila mmoja wetu anajua kazi ya mwenzake kwa kuangalia jinsi karatasi ilivyokatwa. Simamieni pia kwamba karatasi yoyote ya kampeni ina jina la aliyeichapa na aliyeilipia. Isiyo na majina ikikutwa kwa mpambe, mgombea wake aitwe na aeleze, kama anavyoitwa mwenye gari likikutwa na magendo.

Makatibu wakuu, ninyi huwa mnakata majina. Mnakata aliyeongoza na kumpitisha wa tatu, na hamsemi kwa nini, na kimya chenu ndicho kinachozaa uzushi mwingine mwezi mzima. Semeni. "Huyu tumemkata kwa kugawa fedha." "Huyu tumemkata kwa sababu watu wake walisambaza sauti ya uongo dhidi ya mwenzake." Mkikosea awe na pa kukata rufaa. Hadi leo sijasikia mtia nia aliyekatwa kwa uzushi. Nasikia wanaokatwa kwa kuzushiwa.

Nikilazimika kuchagua moja kati ya hayo, nachagua ule ubao. Naomba Msajili anijibu hilo kwa maandishi, ndiyo au hapana, na kama ni hapana aseme kifungu gani kinamzuia. Jibu likija nitalitoa nakala bure na kulibandika dukani, upande wa mlango ambao wajumbe hupitia.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwenye steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya

Nakala: Madiwani na waliotia nia udiwani, kata zote za jiji. Wale wenye salio la kalenda wapitie kulipa.